Viza ya Kanada imekataliwa, wakala anataka pesa

SWALI: Nimenyimwa viza ya matembezi ya Kanada. Wakala anadai ana mtu ubalozini wa kubadilisha uamuzi. Nimlipe?

JIBU: Usimpe hata senti. Njia kuu ni mbili: kuomba upya, au kwenda Mahakama ya Shirikisho ya Kanada ndani ya siku 60. Kuomba upya ni dola 100 za Kanada; alama za vidole hudumu miaka 10, hivyo hulipii tena zile 85. Mshauri wa kulipwa asiye wakili lazima awe kwenye rejista ya CICC, chombo cha Kanada kinachosimamia washauri wa uhamiaji. Mpigie kwa namba iliyo humo, maana matapeli huazima majina ya watu halali. Tunachokiogopa zaidi ni taarifa ya benki ya kughushi: ikigundulika unafungiwa miaka 5 wewe mwombaji, hata kama aliyeighushi ni wakala. Dai nakala ya fomu kabla haijatumwa.