Mpelelezi ni Mgeni: Maswali Yenu Kuhusu Nani Acheze Nani

Nimeona BBC wamemfanya Luke Fitzwilliam, mpelelezi wa riwaya ya Murder Is Easy, kuwa Mnigeria. Mwandishi wake, Agatha Christie, hakuandika hivyo. Huko si kuharibu kitabu?

Kweli, hakuandika hivyo. Katika riwaya ya 1939 Luke ni polisi Mwingereza anayerudi kwao kutoka makoloni ya Mashariki. Katika tamthilia ya BBC ya 2023, David Jonsson anaigiza kijana wa Nigeria aliyefika Uingereza 1954 kuanza kazi serikalini. Lakini hebu tazama kilichopatikana. Luke wa kitabuni anaingia kijijini akijidai anatafiti mila za kale, na watu wanamkubali. Luke wa Jonsson kabla hajafungua mdomo kijiji kizima kimeshamgeukia, na upelelezi wake unakuwa mgumu mara mbili.

Tena Christie mwenyewe ndiye aliyetuzoesha mpelelezi mgeni. Poirot, mpelelezi wake mashuhuri, ni mkimbizi wa Ubelgiji, na amewahi kukiri kwamba Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika ni mtego: Waingereza wanamdharau, wanaacha kujihadhari mbele yake. Kwa hiyo mimi naona Jonsson yumo ndani ya Christie kuliko waigizaji wengi waliovaa suti sahihi.

Na Watson, mwenzake mpelelezi Sherlock Holmes, kuwa mwanamke je?

Lucy Liu alimcheza miaka saba katika tamthilia ya TV ya Elementary, 2012 hadi 2019. Kazi ya Watson ni kuuliza kile ambacho sisi tunatamani kumuuliza Holmes. Sioni ndevu zinasaidia nini hapo.

Kama Mweusi anaruhusiwa kucheza nafasi ya Mzungu, mbona mnalalamika Wazungu walipomcheza Mchina Charlie Chan? Haki ni kwa wote.

Swali zuri, ndugu yangu, na nilikuwa nalingoja. Chan ni mpelelezi wa polisi wa Honolulu aliyebuniwa na Earl Derr Biggers. Katika filamu bubu za 1926 na 1927 alichezwa na Wajapani, George Kuwa na Kamiyama Sojin. Kuanzia 1931 akawa stelingi hasa, na hapo nafasi ikaenda kwa Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Oland alipofariki 1938 akaja Sidney Toler, kisha Roland Winters. Filamu zaidi ya 40, Wazungu watatu. Keye Luke, mzaliwa wa China, alikuwepo palepale, akipewa nafasi ya mtoto wa Chan! Baba Msweden, mwana Mchina. Jonsson kumcheza Luke hakujamfungia Mwingereza mweupe mlango wowote. Oland alikuwa amesimama mlangoni.

Mma Ramotswe, yule mpelelezi wa kike wa riwaya za Alexander McCall Smith, ni wa Botswana, lakini alichezwa na Mmarekani, Jill Scott. Mweusi kwa Mweusi, si inatosha?

Kwangu haikutosha. Scott ana haiba, na walipiga picha Botswana kwenyewe, lakini lafudhi ilikuwa inanitoa kwenye hadithi kila dakika kumi. Aliyenirudisha ni fundi magari wake, Bwana J.L.B. Matekoni, yaani Lucian Msamati, mtoto wa wazazi Watanzania aliyekulia Zimbabwe.

Basi siku wakitengeneza filamu ya Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko wa riwaya za Mohammed Said Abdulla, nani amcheze?

Yeyote, mradi Kiunguja chake kiwe cha nyumbani, si cha mazoezi ya wiki mbili. Kiko tutamwazima.