Maswali ya Wasomaji: Kijiko cha Kale cha Fedha cha Kutilia Majani ya Chai

SWALI: Nina kijiko cha kale cha fedha chenye matundu na mfuniko wa bawaba uliochorwa nakshi ya maua. Hutiwa majani ya chai, kikatumbukizwa kikombeni. Sasa kimekuwa cheusi. Nikisafishe kwa nini?

JIBU: Kabla ya dawa yoyote, kisome. Chukua kioo cha kukuzia uangalie nyuma ya mpini na ukingo wa mfuniko. Simba anayetembea huku ameinua mguu wa mbele ni chapa ya Uingereza ya fedha halisi: sehemu 925 kati ya 1,000, zinazobaki kwa kawaida ni shaba. Kukiwa na nanga, fedha yake ilipimwa Birmingham. Kichwa cha chui ni cha London. Neno STERLING huonekana sana kwenye vyombo vya Marekani. Lakini herufi EPNS maana yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme. Fedha hiyo ya juu ni utando tu. Ukiusugua mara kwa mara, rangi ya chini hujitokeza na hairudi mpaka kipakwe upya.

Weusi unaouona hutokana na fedha kukutana na salfa iliyomo hewani, kwenye mayai, sufu na mpira. Kila unapong'arisha kwa kusugua unaondoa fedha kidogo, kwa hiyo mara chache ndiyo bora.

Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukikaushe. Changanya unga laini wa chaki na maji hadi uwe kama uji mzito, upake kwa kitambaa cha pamba, ukisugua kwa mistari iliyonyooka bila kuzungusha. Kwenye matundu tumia kijiti kilichozungushiwa pamba. Weusi uliolala ndani ya mikato ya nakshi uache, tunakusihi. Ndio unaoyafanya maua yaonekane. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza. Ile njia ya karatasi ya alumini, maji moto na bikaboneti ya soda huondoa weusi kweli, ila huukomba hata mikatoni na kuacha nakshi bapa, isiyo na uhai.

Kagua pia bawaba. Ukiona donge la kijivu, huenda fundi wa zamani alilehemu kwa risasi na bati. Kijiko hicho kisitumike kwa chai. Sonara naye lazima aondoe risasi yote kabla ya kukitia moto, maana ikipata joto kali huila fedha na kuacha vishimo.

SWALI: Changu ni kizima, lakini chai hutoka hafifu na mfuniko hufunguka wenyewe. Kwa nini?

JIBU: Unakijaza mno. Majani makavu hupanuka yakilowa. Yakikosa nafasi, maji hayapiti katikati na mfuniko husukumwa. Weka gramu 2 kwa mililita 200 za maji, na majani yasizidi nusu ya bakuli la kijiko. Kizungushe polepole kwa dakika 3 au 4, kisha kitoe. Tumia majani makubwa, kwani chai ya unga hupenya matunduni. Na shika ncha ya mpini: fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine zote.

Ukimaliza, kisuuze hapo hapo na ukikaushe bawaba ikiwa wazi. Madoa ya kahawia ndani huachia kwa kulowekwa dakika 15 katika bakuli la kioo lenye maji moto na kijiko kidogo cha bikaboneti.

SWALI: Nikihifadhi vipi?

JIBU: Kifunge kwa karatasi laini isiyo na asidi, kisha ndani ya mfuko unaofungika. Usitumie gazeti wala mpira wa kufungia. Kiwe mbali na chumvi, na kisiingie kamwe kwenye mashine ya kuoshea vyombo.