Maswali Yenu: Rege na panki vilikutana wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Napiga gitaa kwenye bendi ya rege hapa Tanga. Mpiga dramu wetu amenisikilizisha "Police and Thieves" ya The Clash, kundi la panki la Uingereza, akasema wale Wazungu waliiba wimbo wa Mjamaika. Mimi panki naijua kama mtindo wa kunyoa nywele. Ni kweli waliiba? Na muziki wa kelele vile unahusiana vipi na rege? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawakuiba. Wimbo ni wa Junior Murvin, aliurekodi Jamaika mwaka 1976 chini ya mtayarishaji wa muziki Lee Perry, na wote wawili wametajwa kuwa watunzi kwenye albamu ya The Clash ya 1977. Perry mwenyewe mwaka huohuo aliwarekodia wimbo mwingine, "Complete Control". Mtu uliyemwibia hakai nawe studio.

Ujirani wenyewe ulianzia London. Klabu ya Roxy, pale Covent Garden, ilikuwa ukumbi wa panki, yaani roki ya haraka na kelele, na DJ wake alikuwa Don Letts, kijana mweusi mwenye wazazi kutoka Jamaika. Bendi zikipumzika alitakiwa aweke santuri, lakini panki ilikuwa changa mno, santuri zake zilikuwa chache. Akaweka alizokuwa nazo nyumbani: rege na dabu, yaani rege iliyopunguzwa uimbaji ikabaki besi na dramu. Vijana wakazipenda, wakaanza kuzitafuta wenyewe.

Tena vijana wa panki na Wajamaika walikuwa wakiishi mitaa ileile. Agosti 1976 kanivali ya Notting Hill, sherehe ya mitaani ya watu wa Karibi jijini London, iliishia kwa vurugu kati ya polisi na vijana weusi. Joe Strummer na Paul Simonon wa The Clash walikuwamo. Simonon alikulia Brixton, mtaa wa London, besi za Wajamaika zikipenya ukutani. Murvin aliimba habari za polisi na wezi wa Kingston, mji mkuu wa Jamaika, wao wakasikia London.

Bob Marley mwanzoni alimcheka Letts kwa suruali yake ya kipanki. Baadaye, 1977, akatoa "Punky Reggae Party", wimbo wa kusherehekea panki na rege pamoja.

Sasa, kwa kuwa wewe ni mpiga gitaa, sikiliza kitu kimoja. Kwenye rege gitaa letu hukata katikati ya mapigo, na pigo la kwanza tunaliachia nafasi. Nimepiga besi miaka mingi, na hiyo nafasi ndiyo ninayoipenda kuliko noti yoyote. The Clash hawakujifanya Wajamaika. Gitaa moja linapiga juu ya mdundo, la pili linajibu katikati, na wimbo ukafika dakika sita, kwenye albamu ambayo nyimbo nyingi ni za dakika mbili tatu. Hapo ndipo ninapowaheshimu: waliazima wimbo, wakauimba kwa lafudhi yao.

Mpe mpiga dramu wako Murvin kwanza, ile sauti nyembamba, halafu The Clash. Na msitumie simu, tafuteni spika yenye besi.