Umepita majaribio, karibu timu ya vijana

Kila mwaka majaribio yakiisha wanabaki vijana wachache sana kati ya wale mamia waliokuja na njumu za kuazima. Safari hii mmebaki ninyi. Hongereni. Nilicheza timu ya vijana ya klabu moja ya Dar es Salaam kwa misimu mitatu, na sasa ni meneja wa timu ya vijana, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua nani amekuja mazoezini bila kunywa chai, nani kapoteza fulana ya mazoezi na nani cheti chake cha kuzaliwa kina jina la babu mahali pa baba. Sitawafundisha mpira, mwalimu yupo. Yangu ni ya pembeni ya chaki.

Naanza na hili, maana mimi nililijua nikiwa nimechelewa: timu kubwa haikuiti kwa kuwa umeiva. Inakuita kwa kuwa kuna mtu hayupo.

Chukua Jumanne moja ya wiki ya mechi za timu za taifa. Wachezaji watano wameitwa kwao, mmoja ana malaria, mwingine amefiwa. Mwalimu wa timu kubwa anataka mazoezi ya kumi na moja kwa kumi na moja, anahesabu vichwa, vinagota ishirini. Simu ikaja kwetu: "Nipeni namba tatu, beki wa kushoto, na mtu mmoja wa kati." Hakusema nipeni kijana wenu bora. Kijana wetu bora wakati huo alikuwa namba kumi, mtoto anayegeuka na mabeki wawili kwa mguso mmoja, hata wauza miwa wa nje ya uwanja walimjua kwa jina. Yeye akabaki na sisi. Aliyeenda kama namba tatu ni mvulana mmoja mkimya, kiungo mkabaji, ambaye miezi miwili nyuma mwalimu alimsogeza beki ya kushoto baada ya mwenzake kuvunjika kidole cha mguu. Wengine wakihamishwa namba hununa wiki nzima. Huyu aliuliza tu winga wake anapenda mpira mguuni au mbele.

Kule juu hakufanya maajabu. Alikaa kwenye nafasi yake, mpira ukimfikia ameshautoa, akiambiwa panda anapanda, akiambiwa rudi amesharudi. Wiki iliyofuata simu ilipokuja hawakuomba namba tatu. Walimtaja jina.

Ukitaka mfano wa mtu unayemfahamu, mtazame Novatus Miroshi. Alitoka Azam, akaenda kwa mkopo Biashara United ya Musoma, Mara, kisha akavuka kwenda Israel na Maccabi Tel Aviv, akapita Zulte Waregem ya Ubelgiji, na msimu wa 2023/24 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Shakhtar Donetsk. Ni kiungo, lakini Taifa Stars ikikosa beki anashuka beki na huoni anayelalamika. Na angalia hiyo Musoma katikati ya safari. Wapo vijana wa Dar wanaoambiwa waende kwa mkopo mkoani wakaona wamefukuzwa. Mkopo ni dakika za kucheza, na dakika hazinunuliwi dukani. Timu ya vijana ina mechi chache kwa mwaka. Anayecheza ligi na watu wazima, hata kwenye timu inayopigania kutoshuka daraja, anakua haraka kuliko anayeng'ara kwenye mechi za wenzake wa umri.

Wenzetu wa Hispania wamelitatua hili kwa namna yao. Timu zao B zinacheza kwenye madaraja ya kawaida, zinakutana na wanaume wenye familia wanaotafuta mkate wao, ila haziruhusiwi kuwa daraja moja na timu mama. Farid Mussa, aliyekulia Azam, alipokwenda Tenerife aliichezea timu B yao kabla ya kurudi nyumbani kujiunga na Yanga. Kwa hiyo ukisikia mtu yuko timu B Ulaya usimcheke kijiweni. Huenda anapigwa viwiko vizito kuliko vyako.

Sasa la kwangu, na halinipi sifa.

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa namba mbili wa timu ya vijana. Jumapili moja jamaa wa mtaani wakanifuata: kuna ndondo, mshindi anachukua mbuzi, na kila mchezaji elfu kumi yake. Nikaenda. Kiwanja cha vumbi, katikati kimepita kijia cha watu wanaokwenda sokoni. Dakika za mwisho nikakanyaga kwenye shimo, kifundo kikageuka. Usiku nikakikanda kwa maji ya moto, kosa la pili, maana kifundo kilichoumia leo kinataka barafu. Jumatatu nikaja mazoezini nimekifunga bandeji ndani ya soksi, nikajikaza. Saa mbili asubuhi meneja wetu wa wakati ule akaja anatafuta beki wa kulia wa kupeleka timu kubwa. Akaniita mimi wa kwanza. Nilikimbia hatua kumi mbele yake. Hakuuliza chochote, aliniangalia mguu, akageuka akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Huyo amecheza ligi kuu misimu sita. Elfu kumi yangu niliila chipsi mayai.

Sisemi ndondo ni mbaya, nusu ya wachezaji wetu wametoka mchangani na hawatapasahau. Nasema ukishasaini, mguu wako una ratiba.

Mkoba nao. Weka njumu jozi mbili, hata kama moja ni ya mtumba wa Karume. Viwanja kadhaa vya Dar vina nyasi bandia, na njumu za meno marefu kwenye nyasi bandia zinang'ang'ania chini wakati goti limeshageuka. Nimeona kijana akilia pale uwanjani bila kuguswa na mtu. Meno mafupi mengi kwa nyasi bandia, marefu kwa nyasi asili zilizonyeshewa. Ongeza soksi za akiba na vilinda ugoko vyako mwenyewe. Siku simu ikija hutapewa nusu saa ya kuzunguka kuazima.

Timu ya akiba si ya vijana watupu, na hili huwashangaza wengi. Atashuka mchezaji wa timu kubwa anayetoka majeruhi, anatafuta dakika arobaini na tano za kupima goti. Atashuka mwingine aliyekosana na benchi, huyo anashuka na uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Wote ni kaka zako. Nje ya mstari mpe shikamoo yake, mbebee maji ukitaka. Ndani ya mstari muite jina, kwa sauti, na umwambie mtu yuko nyuma yake. Nimewahi kusikia kijana akisema "samahani kaka, naomba". Alipofika kwenye "naomba" winga wa wapinzani alikuwa ameshapita na mpira. Yule kaka alimtukana mbele ya watu, na safari hii sikumlaumu.

Hasa hasa muangalie anayetoka majeruhi anavyojiandaa. Anafika dakika arobaini kabla, anajinyoosha kona yake, akimaliza anakaa na ndoo ya barafu wakati ninyi mnapiga picha. Hilo ndilo somo la bure kuliko yote klabuni, na kila mwaka nawaona watatu tu wakilihudhuria.

Tuje kwenye makaratasi. Najua hapa ndipo mtaanza kusinzia, ila ndipo ninapopoteza vijana wengi kuliko kwenye majeraha.

Jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, kwenye cheti cha shule, na baadaye kwenye kitambulisho cha NIDA liwe moja. Moja kabisa. Khamis kwenye cheti na Hamisi shuleni ni watu wawili mbele ya mtu wa usajili, na dirisha la usajili likifungwa halifunguliwi kwa sababu karani wa shule alikula herufi. Rekebisheni sasa, wakati mzazi yupo na mjumbe bado anawakumbuka.

Halafu umri. Mnajua neno vijeba, sina haja ya kulieleza. Wapo watakaokunong'oneza ukate miaka miwili, mitatu, ili uonekane mdogo mwenye kipaji. FIFA walianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nigeria. Mfupa ukishajifunga wote, yaani umeshakomaa kupita umri huo, cheti chako hakikutetei. Lakini hata usipopimwa, mwenyewe unajiibia. Kijana wa miaka ishirini anayecheza na wa kumi na saba anawashinda kwa kifua. Hajifunzi kutazama kabla ya kupokea kwa sababu hahitaji. Akipanda kwa wakubwa, kifua kila mtu anacho, na yeye hana kingine.

Usajili wako wa kila msimu unaingia kwenye kitu kinachoitwa pasipoti ya mchezaji. Si ile ya uhamiaji. Ni orodha ya klabu zote ulizosajiliwa tangu ukiwa na miaka 12. Ukiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa waliokulea: robo asilimia kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, nusu asilimia kwa kila msimu kati ya 16 na 23. Piga hesabu. Umeuzwa dola milioni 1, na klabu fulani ilikuwa nawe misimu minne kuanzia miaka 16. Inapata dola 20,000. Kwa timu ya vijana hizo ni njumu, mipira, basi na mishahara ya walimu. Yule mzee wa mtaani kwenu aliyekufundisha bure naye angepata chake, kama timu yake ingekuwa imesajiliwa na jina lako limeandikwa. Mwambieni.

Wanaokuja na ahadi za Ulaya. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi kwenda nchi, isipokuwa kwa mambo machache kama wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizo za mpira. Kwa hiyo mtu anayekwambia una miaka kumi na sita na timu ya Ureno inakusubiri, mpe soda yake aende. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na kwa mtoto anaanza na mzazi, kwa maandishi. Hakufuati WhatsApp saa nne usiku. Mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu. Ukiona mitano, usisaini hata kama kalamu ni ya dhahabu, na mama asome kila ukurasa kabla ya dole gumba la mtu yeyote.

Shule nitasema kidogo. Walio kidato cha nne mtafanya mtihani Novemba, ligi ikiwa imepamba moto. Tarehe zake nileteeni mapema, mimi nitaongea na mwalimu. Aliyeficha mtihani ili asikose mechi tulimpata mwaka juzi, na mechi yenyewe alikaa benchi dakika tisini.

Gari linatoka getini Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njooni na picha nne za pasipoti, kadi ya bima kama unayo, na cheti cha kuzaliwa chenyewe. Si kopi. Kopi tutatoa sisi.