Mnasubiri mshahara upande?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali, nina miaka 43. Mara tatu mimi na mume wangu tumeanza akiba ya uzeeni mbali na makato ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), na mara zote tumeivunja Januari kwa ajili ya ada. Mume wangu anasema tusubiri mshahara upande. Tupate wapi nidhamu?

JIBU: Mwalimu, maneno ya "tusubiri mshahara upande" nayasikia karibu kila wiki, hata kwa watu ambao mshahara wao umeshapanda mara kadhaa tangu waanze kuyasema. Nyongeza isiyopangiwa kazi huzoeleka nyumbani upesi sana: kifurushi cha king'amuzi kinakuwa kikubwa, michango ya harusi inanona, na hakuna anayeweza kueleza ilikokwenda. Shilingi 50,000 kwa mwezi hadi ufikishe miaka 60 ni 10,200,000 kabla ya faida. Mkichelewa miaka mitano, kiasi hichohicho kitadai karibu 71,000 kila mwezi.

Nidhamu msiitafute moyoni. Asilimia 5 yako ya PSSSF hujawahi kuivunja kwa sababu hukatwa kabla hujaiona. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walilijaribu jambo hili Marekani: wafanyakazi waliahidi mapema kwamba sehemu ya nyongeza zijazo ikatwe, na akiba yao ikapanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 katika miezi 40. Kwa hiyo mumeo hakukosea sana. Nyongeza ni wakati mzuri, ilimradi muiahidi leo, wote wawili, na benki iwe na agizo la kuihamisha siku ileile mshahara unapoingia. Ada nayo iwe na akaunti yake, kwa maana hiyo ndiyo iliyowavunjia akiba mara tatu.

Wanaoniudhi ni wauza njia za mkato. Watu "walipanda mbegu", yaani fedha zao, kwenye mchezo wa upatu wa DECI hadi ulipofungwa mwaka 2009, na leo mbegu hiyohiyo inapandwa kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingi kwa fedha za mkupuo wa mstaafu aliyeona muda umemtupa mkono. Zikiyeyuka, anaishia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mitaani. Mmoja alinijia akiwa hana hata kadi yake ya benki: kadi na namba ya siri vilikuwa kwa mkopeshaji, na kila siku ya pensheni yeye alisimama nje ya mashine, akisubiri kupewa kilichobaki.