Maji yanatuama kwenye pevingi zilizokuwa zikiyanyonya

Ndugu, unasema miaka miwili maji yalizama vizuri kwenye pevingi zako (bloku za nje zinazopitisha maji katikati yake), masika hii yanatuama. Usibomoe. Mara nyingi tatizo ni nafasi zenye kokoto kati ya bloku: zimezibwa na vumbi, majani na udongo wa bustani. Chokonoa kokoto za juu, sentimita 2 au 3, zoa uchafu, kisha jaza kokoto ndogo safi zisizo na vumbi. Mchanga laini usiweke kabisa, hata fundi akikwambia "unashika vizuri" (wangu aliniambia hivyo, nikarudia kazi yote). Mashine ya presha usiielekeze wima, itasukuma tope chini. Zege lisikorogewe hapo. Fagia kila wiki, na bustani iwekee ukingo. Ukimwaga ndoo na bado maji hayazami, fumua kipande ukague tabaka la chini.