Waya wa Eksileta Ulipokatika Angani, Kati ya Kigombe na Tanga

Tulikuwa tumekwisha kuipita Kigombe, futi 3,000 juu ya maji, upepo wa kusi ukitusindikiza kuelekea Tanga, nilipouvuta nyuma mkono wa eksileta ili tuanze kushuka. Injini, badala ya kutulia, ilianza kutikisika kwa nguvu hata geji zikawa hazisomeki na pedali zikawa zinagonga nyayo zangu. Ndege yenyewe ni ya viti viwili, nasi tuliijenga kwa miaka minne, mimi na mwenzangu ambaye ni fundi wa injini za boti, kutokana na vipande vya alumini tulivyoagiza kiwandani. Nayaandika haya kwa wenzetu wanaojenga ndege zao wenyewe au wanaotamani kufanya hivyo, kwa sababu naamini mjenzi ana silaha moja ambayo rubani wa ndege ya kukodi hana, na wengi wetu hatuitumii.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuurudisha mkono wa eksileta pale ulipokuwa. Mtikisiko ukapungua, nikausukuma hadi mwisho, ukaisha kabisa. Hitilafu ikizuka papo hapo baada ya wewe kugusa kitu, kirudishe kilipokuwa kabla hujaanza kutafuta sababu, huku ukiilinda pua ya ndege na mwendo wake. Kutafuta sababu kuna wakati wake, na wakati huo haufiki mpaka ndege iwe inaruka sawasawa, hata kama ni kwa nguvu usizozitaka.

“Ni waya wa kushoto, kaka,” mwenzangu alisema. “Umekatika. Usipunguze tena.”

Hakuwa amebahatisha. Injini yetu ni Rotax 912, yenye silinda nne na kabureta mbili, yaani vifaa vinavyochanganya mafuta na hewa. Kila kabureta inalisha silinda mbili za upande wake na ina waya wake wa eksileta. Waundaji waliweka springi inayoivuta kabureta ifunguke, si ijifunge, ili waya ukikatika rubani asiachwe angani bila nguvu. Ni uamuzi wa busara, lakini maana yake ni kwamba upande uliokatika unakwenda wenyewe hadi mwisho wa nguvu, na ukiupunguza ule wenye waya mzima, nusu ya injini inavuta huku nusu nyingine imelegea, na mtikisiko huo unaweza kuiumiza giaboksi inayoliendesha pangaboi. Dawa yake ni ile ambayo moyo wenye hofu unaikataa: kuufungua na upande mzima hadi mwisho, ili pande mbili zilingane.

Hapo unabaki na injini yenye afya ambayo haipunguziki. Inaruhusiwa kufikia mizunguko 5,800 kwa dakika kwa muda usiozidi dakika 5, na baada ya hapo isipite 5,500. Ukiruka usawa mmoja kwa nguvu zote, mizunguko na mwendo vyote vinapanda. Ukiinua pua na kupaa, pangaboi linabeba mzigo mzito zaidi, mizunguko inashuka, na juu ya hayo unajipatia kimo. Kwa hiyo tulipaa. Tulijua kwamba ndege yetu ikipaa kwa nguvu zote mizunguko inakaa karibu na 5,300, kwa kuwa tulikuwa tumeliandika hilo siku za majaribio.

Tamaa kubwa ya mtu katika hali kama ile ni kushuka popote, sasa hivi. Chini yetu palikuwa na ufuko wa karibu na Tongoni, maji yamekupwa, mchanga mpana usio na mtu. Mimi ni mzaliwa wa pwani hii na nimeupita ufuko ule kwa miguu mara nyingi: chini ya mchanga wa juu, hasa karibu na mikoko, mna tope linalomeza mguu hadi kwenye kifundo, na gurudumu la mbele likizama humo ndege inapinduka. Upande wa bara kuna mashamba ya mkonge, ambako barabara za matrekta zinaweza kumfaa aliyeishiwa nguvu kabisa, mradi asikose barabara akaingia kwenye majani yenye ncha kali kama sindano. Lakini sisi hatukuwa tumeishiwa nguvu. Tulikuwa na nguvu tele, mafuta ya saa mbili, na uwanja wa Tanga ulikuwa mbele yetu kwa muda usiofika dakika 15. Rubani ajiulize hitilafu aliyonayo inamnyang’anya nini hasa. Inayokunyima nguvu inakuharakisha utake usitake. Inayokunyima kupunguza inakuachia muda, na kuutupa muda huo ni kosa kubwa kuliko hitilafu yenyewe.

Niliwaeleza waongoza ndege kwa maneno machache kwamba injini haipungui, kwamba tuko watu wawili, na kwamba nitaizima juu ya uwanja na kutua bila injini, hivyo njia ya kurukia iachwe wazi. Neno hilo la mwisho lisisahaulike, kwa maana ukishaizima huna nafasi ya kupaa tena.

Tulifika juu ya uwanja tukiwa na kimo kikubwa. Kuizima kwa mkono wako injini inayovuma vizuri ni jambo gumu kuliko nilivyotarajia. Nilishusha pua kwanza, kisha nikazima swichi zote mbili za plagi na kufunga mafuta. Mpangilio huo una maana: ndege nyepesi hupoteza mwendo upesi mno, na anayesubiri geji imwambie amechelewa. Wako wanaozima na kuwasha swichi ili kupunguza nguvu kidogo kidogo. Sishauri, kwa sababu kila kuwasha kunaipiga giaboksi na mafuta yasiyoungua yanajikusanya kwenye ekzosi. Nilizunguka karibu na uwanja na kulenga theluthi ya kwanza ya njia, si ukingo wake, kwa kuwa kimo kilichozidi kinaweza kupunguzwa kwa flapi, vile vibao vya nyuma ya mbawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, lakini kilichopungua hakiongezeki.

Chini tulikuta waya umekatika pale unapoingia kwenye mkono wa kabureta. Kishikizo tulikifunga wenyewe kikiwa kimepinda kidogo, na kila tulipoongeza au kupunguza, nyuzi za ndani zilikuwa zikikunjwa mahali palepale hadi zikaisha moja baada ya nyingine. Tulikuwa tukiutazama waya ule kila baada ya saa 50 za kuruka. Kuutazama hakutoshi, upitishie kitambaa cha pamba, na uzi uliokatika utakinasa hata kama jicho haliuoni.

Nchini Marekani, sheria inamtaka mjenzi awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi, kwa ajili ya elimu au burudani, ndipo ndege ihesabiwe kuwa ya kujijengea. Elimu hiyo ndiyo silaha niliyoitaja: aliyefunga kila skrubu anaweza kujua kila kifaa kikiharibika kitaegemea upande gani. Sasa tuna daftari lenye ukurasa kwa kila kifaa. Pampu ya mafuta ya injini ikifa, ya umeme inashika kazi. Boya la kabureta likinywa mafuta likawa zito, kabureta inafurika. Ukurasa wa flapi bado una pengo, kwa sababu hatujapima ndege inapaa kwa kasi gani zikikwama zimeshuka zote. Mpaka tutakapopima, tukiwa na kimo cha kutosha juu ya uwanja, hatuzishushi zaidi ya nusu.